Plasma ya inchi 50 inawaka, inapiga "tak", inazima. Naambiwa pawa saplai imekufa

Mwenye Plasma

Wakuu habari zenu. Naomba msaada wenu kabla sijatoa hela.

Nina TV ya plasma ya inchi 50, ya zile za mwisho mwisho kabla viwanda havijaacha kuzitengeneza. Imenitumikia miaka mingi bila usumbufu. Sasa hivi nikiichomeka, taa nyekundu ya stendibai inawaka vizuri. Nikibonyeza rimoti nasikia "tak" ya rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), taa inaanza kupepesa, halafu baada ya sekunde 3 hivi nasikia "tak" nyingine na kila kitu kinazima. Kioo hakitoi hata mwanga wa kijivu, na sauti hakuna. Baada ya hapo inajaribu yenyewe tena, na mwisho ni ule ule.

Nimefungua mgongo ikiwa imechomolewa kwa muda mrefu. Kapasita za pawa saplai nimezikagua moja moja, hakuna iliyovimba kichwa wala iliyovuja. Fyuzi ya pale umeme unapoingilia ni nzima. Volti 5 za stendibai zipo na zimetulia. Sijasikia harufu ya kuungua wala sijaona palipobadilika rangi, ingawa bodi ni nyingi na baadhi ya vifaa vimejificha chini ya mabati ya kupozea.

Fundi niliyemweleza kwa simu amesema pawa saplai imekufa, nitafute nyingine. Mwingine anasema ni bodi kuu. Nina mita ya dijitali na pasi ya kulehemu, na redio na amplifaya nimetengeneza sana. Plasma ndiyo sijawahi kuigusa, na nasikia ndani yake kuna volti za kuua mtu.

Kuna jambo jingine, huenda linahusiana na huenda halihusiani. Siku chache kabla haijagoma, nusu ya juu ya picha ilikuwa inafifia na kurudi, imekatika kabisa pale katikati ya kioo kama imepimwa kwa rula. Nusu ya chini ilikuwa safi. Nilibadilisha chanzo cha picha na waya wake, ikabaki vile vile.

Nyuma ya paneli kuna stika imeandikwa Vs 206V, Va 60V, na vipimo vingine vitatu. Nianzie wapi?

Kapasita Kwanza

Mkuu, kapasita inaweza kufa bila kuvimba. Badilisha zote za pawa saplai, hasa zile ndogo za volti 10 na 16 zilizo karibu na bati la kupozea. Weka za nyuzi joto 105, uwezo ule ule, volti sawa au zaidi, na uangalie upande wa hasi. Nimefufua TV nyingi kwa njia hiyo tu.

Jirani wa Fundi

Ya kwangu ilikuwa na tak tak kama hiyo. Nilikuwa naiwasha na kuizima mara nyingi mpaka inakubali. Ikishapata joto inakaa mpaka usiku.

Fundi wa Bodi

Ndugu Mwenye Plasma, usinunue pawa saplai bado. Na tafadhali usiiwashe na kuizima mpaka "ikubali". Kama huko ndani kuna shoti, kila unapowasha unaipiga upya sehemu iliyojeruhiwa, na uharibifu uliokuwa kwenye bodi moja unaweza kuhamia ya pili.

Pawa saplai iliyokufa haipigi tak mbili. Tak ya kwanza maana yake bodi kuu imeamuru umeme mkubwa uwake, na pawa saplai imetii. Tak ya pili maana yake kuna kitu cha hatari kimeonekana huko mbele, umeme ukakatwa. Hiyo ni pawa saplai iliyo hai na inayojilinda. Nimepokea plasma nyingi ambazo mwenyewe ameshabadilisha pawa saplai, na mpya nayo inapiga tak tak vile vile kwa sababu mzigo mbovu bado umeunganishwa. Kapasita ni ushauri mzuri kwa TV inayochelewa kuwaka, inayopiga tak nyingi mfululizo kisha ikawaka, au ambayo volti zake ndogo zinacheza. Kwako volti 5 zimetulia na TV inakata muda ule ule kila mara. Kapasita zisubiri.

Dalili kubwa umeitaja mwishoni kana kwamba haina uzito. Nusu ya juu kufifia, imekatika katikati kama kwa rula. Mistari ya mlalo ya kioo inaendeshwa na bodi ya Y kupitia bodi mbili nyembamba za bafa, moja ya nusu ya juu na moja ya nusu ya chini, zimesimama ubavuni mwa paneli na kuungana na kioo kwa riboni. Nusu nzima ikipotea, wa kwanza kushukiwa ni bafa ya nusu hiyo. Bafa ikipiga shoti inaiumiza bodi ya Y, na bodi ya Y ikipiga shoti, pawa saplai inakutana na mzigo isioweza kuubeba, inakata. Nadhani hicho ndicho kilichotokea kwako. Ila dhana haitoshi kununulia bodi, kwa hiyo tupime.

Kwanza ujue unapima nini. Kioo kimegawanyika vyumba vidogo sana vyenye gesi za neon na xenon. Bodi ya Y upande mmoja na bodi ya X upande wa pili (viwanda vingine vinaiita Z) zinapokezana kukipiga kioo kwa volti za Vs, kwako 206, huku na huku, maelfu ya mara kwa sekunde. Gesi inatoa miali ya urujuanimno, na miali hiyo inaiwakisha fosfa nyekundu, kijani na buluu iliyopakwa ndani ya vyumba. Ni msumeno wa watu wawili: mmoja akiachia mpini, gogo halikatiki hata kama mwenzake ana nguvu. Ndiyo maana bodi moja ikifa kioo chote kwa kawaida kinakuwa cheusi, na mtu anadhani kioo kimekufa wakati hakina kasoro.

Sasa usalama. Hapa sitaki uruke hata sentensi moja.

Kapasita kubwa za upande wa umeme wa ukutani hushika karibu volti 380 hadi 400 za mkondo mnyoofu (DC). Za Vs kwako zinashika zaidi ya 200. Zote zinaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa plagi, hasa TV ikiwa mbovu, kwa sababu mzigo ambao ungezimaliza haufanyi kazi. Chomoa, subiri, halafu pima. Usiamini muda, amini mita. Kapasita kubwa ya upande wa ukutani ipime kwenye miguu yake miwili yenyewe, usiweke ncha moja kwenye chasi, kwani ardhi ya upande ule si ardhi ya chasi. Ukipima kwa chasi unaweza kusoma sifuri huku miguuni kuna volti 390. Ukikuta chaji, imalize kwa rezista ya omu 2,000 ya wati 10 iliyofungwa kwenye waya wenye vibanio vilivyofunikwa, kisha pima tena. Usitumie bisibisi. Cheche ile inayeyusha miguu ya kapasita na inaweza kuua vifaa vya jirani, na mkono wako uko sentimita chache tu kutoka hapo.

Vua pete na saa. Ukipima TV ikiwa na umeme, tumia mkono mmoja na mwingine uweke mfukoni. Ncha nyeusi ibane kwenye chasi kwa kibanio. Mita na nyaya zake ziwe za volti 600 au zaidi. Kuwe na mtu mwingine chumbani anayejua plagi iko wapi.

TV isimame wima muda wote. Usiilaze kifudifudi kwenye kochi. Paneli ni kioo juu ya kioo, na uzito wake wenyewe unatosha kuivunja ikilala mahali pasipo sawa. Kuinyanyua iwe kazi ya watu wawili.

Kipimo cha kwanza ni cha bila umeme kabisa. TV imechomolewa, chaji imekwisha. Piga picha ya nyaya zote kwa simu. Tafuta plagi zinazotoka pawa saplai kwenda bodi ya Y na bodi ya X. Ukiitazama TV kwa nyuma, Y mara nyingi iko kushoto. Utaitambua kwa kuwa ndiyo iliyoshikana na bafa mbili. Chomoa plagi hizo upande wa bodi. Karibu na kila pini ya plagi kumeandikwa jina lake. Weka mita kwenye omu, ncha nyekundu kwenye Vs ya bodi ya Y, nyeusi kwenye GND (ardhi) ya bodi hiyo hiyo. Bodi nzima itaanza chini kwa kuwa kapasita zinajichaji, halafu namba inapanda mpaka maelfu ya omu au zaidi. Bodi yenye shoti inakaa karibu na sifuri na haisogei. Fanya vivyo hivyo kwa X.

Halafu angalia fyuzi zilizo juu ya bodi hizo zenyewe. Mara nyingi ni za kauri, kwa hiyo macho hayatakusaidia, tumia mita. Hili ni muhimu: fyuzi ya Vs ikiwa imekatika, Vs hadi GND inaweza kusoma vizuri huku transista zilizo nyuma ya fyuzi zimeungua. Ikiwa imekatika, pima tena upande wa pili wa fyuzi.

Kipimo cha pili kina umeme. Plagi za Vs za Y na X zikiwa zimechomolewa na hazigusi chochote, washa TV. Ikikaa bila kukata, pima Vs kwenye pawa saplai. Ukipata namba ya karibu na stika, pawa saplai yako haina kosa. Zipo pawa saplai zinazokataa kuwaka bila mzigo. Hizo mafundi huzifungia balbu ya nyuzi ya wati 100 kati ya Vs na ardhi. Balbu ya volti 220 hadi 240 inatosha moja, za volti 110 hadi 120 funga mbili kwa mfuatano. Zipo pia zinazokata zikikosa bodi moja, kwa hiyo tafuta mwongozo wa fundi wa modeli yako usome ukurasa wa pawa kabla ya kuwasha.

Zima, maliza chaji, rudisha plagi ya X peke yake, washa. Kisha tuletee namba.

Mwenye Plasma

Fundi, Mungu akubariki. Nimefanya kwa mpangilio wako, na mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye plagi muda wote.

Bila umeme: bodi ya X, Vs kwa GND, ilianza chini ikapanda mpaka kilo-omu 40 na kitu. Bodi ya Y ilisoma omu 0.6 na haikusogea. Nikageuza ncha, ni hiyo hiyo. Fyuzi ya Y ni nzima, na ya X pia.

Mwongozo wa modeli yangu nimeupata, unaruhusu pawa saplai kuwashwa bila bodi hizo. Nimewasha zote mbili zikiwa zimechomolewa: tak moja tu, na haikuzima! Sauti imetoka kabisa, nikasikia mtangazaji anaongea. Vs imesoma 205.4. Nikazima, nikamaliza chaji, nikarudisha X peke yake. Imekaa vile vile, sauti ipo, kioo cheusi.

Kwa hiyo ni Y? Na je, ninunue bodi nzima au nibadilishe transista?

Mstari Wima

Samahani wakuu kuingilia. Plasma yangu picha ni nzuri ila ina mstari mmoja mwembamba wa kijani kutoka juu mpaka chini, hauondoki. Nayo ni bafa?

Fundi wa Bodi

Mstari Wima, hapana. Bafa za Y zinahusika na mistari ya mlalo. Mistari ya wima inaletwa na bodi za adresi zilizo chini ya paneli, kupitia riboni zenye chipu ndani yake. Ingekuwa pande pana la wima limepotea, ningekwambia uchomoe riboni zinazotoka bodi ya lojiki kwenda bodi za adresi, usafishe ncha kwa spiriti kavu na urudishe. Wakati mwingine inatosha. Mstari mmoja mwembamba usiobadilika kwa kawaida ni njia moja iliyokatika ndani ya riboni au pale ilipogandishwa kwenye kioo. Pale pameunganishwa kiwandani kwa joto na mgandamizo, mezani hapalehemeki. Usitumie hela hapo. Endelea kuitazama hivyo hivyo, na usiibonyeze riboni kwa kidole, utaongeza mistari.

Mwenye Plasma, ndiyo, ni Y. Omu 0.6 pande zote mbili ni shoti kamili. Pawa saplai yako imethibitika kuwa nzima, bodi kuu yako ni nzima kwa kuwa sauti imetoka, na X haiivuti Vs chini. Hiyo 205.4 usiirekebishe bado.

Kabla ya kuamua kununua au kulehemu, lazima uzijue bafa. Hapo ndipo watu wanapopoteza bodi nzuri. Wanaweka bodi ya Y iliyo safi juu ya bafa yenye shoti, wanawasha, inaungua papo hapo, kisha wanasema waliuziwa mbovu.

Zichomoe bafa zote mbili kwenye bodi ya Y na kwenye riboni za kioo. Riboni zina kufuli dogo la plastiki: linyanyue kwa kucha, usivute riboni kwa nguvu. Bafa nyingine zimeingia kwenye bodi ya Y kwa pini ndefu. Zisogeze sambamba, usizipinde. Kwanza tazama kila chipu kwa tochi. Chipu iliyopasuka mara nyingi inaonyesha kitundu kidogo kama cha sindano au doa la kahawia. Baadaye weka mita kwenye kipimo cha dayodi. Ncha nyekundu kwenye ardhi ya bafa yenyewe (ile ni ardhi inayoelea, si ya chasi), nyeusi ipitishe kwenye pini za kutoa, moja baada ya nyingine. Pini nzima inasoma kati ya volti 0.4 na 0.8, na zote zinakaribiana. Ukigeuza ncha, isisome kitu. Ukikuta pini au kundi la pini linasoma karibu na sifuri, bafa hiyo imekwisha. Nategemea iwe ya juu, ila pima zote mbili.

Kuhusu transista za bodi ya Y: ziko nyingi zimefungwa kwenye bati, na kadhaa zimeunganishwa sambamba. Ukizipima zikiwa kwenye bodi, moja ikiwa na shoti zote za kundi lake zitaonekana na shoti. Lazima uzitoe zote za kundi na uzipime moja moja nje. Ukipata mbovu, badilisha kundi zima kwa namba ile ile, kwa sababu zile zilizobaki zilibeba mzigo wa mwenzao. Usisahau vifaa vinavyoziamrisha: rezista ndogo za geti (mguu wa transista unaopokea amri) na chipu inayoziendesha. Transista ikipasuka hupeleka volti kubwa nyuma kwenye geti, na chipu hiyo inakufa kimya kimya. Ukiiacha, transista mpya zinakufa siku ile ile. Rudisha mafuta ya kupitisha joto na karatasi za kuzuia umeme kama ulivyozikuta.

Kwa mtu anayefanya plasma yake ya kwanza, mimi nashauri bodi nzima ya Y pamoja na bafa zake mbili kama seti. Naisema hivyo nikijua kulehemu unakuweza. Tatizo ni kwamba bila osiloskopu (kifaa kinachochora umbo la umeme) huna namna ya kuona umbo la mpigo kabla ya kuunganisha kioo, na kioo ndicho pekee hapo kisichopatikana.

Seti itatoka kwenye TV nyingine, maana viwandani hazitoki tena. Panasonic ilisimamisha utengenezaji wa plasma mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata 2014. Mimi hutafuta TV iliyopasuka kioo. Ile iliyoanguka ikavunjika ilikuwa inafanya kazi mpaka dakika ile, kwa hiyo bodi zake kwa kawaida ni nzima. TV yenye kioo kizima inayouzwa kwa vipuri inanitia mashaka: mara nyingi imefikia hapo kwa ugonjwa kama wako.

Soma namba kwa makini. Bodi ina namba iliyochapwa kwenye ubao wenyewe na nyingine kwenye stika ndogo. Ubao mmoja ulitumika kwenye paneli tofauti kwa vifaa tofauti, kwa hiyo fuata ya stika, na linganisha pia namba ya paneli.

Seti ikifika, hakuna kuunganisha kila kitu kwa mara moja. Anza kwa kipimo cha omu kwenye bodi ya Y mpya. Kisha ifunge bila bafa kama mwongozo unaruhusu, washa, hakikisha TV haikati. Zima, maliza chaji, funga bafa, funga riboni, washa.

Kapasita Kwanza

Fundi nimejifunza hapa. Swali moja: ile TV inayohesabu makosa kwa taa, ikipepesa mara kadhaa na kutulia, hesabu ile inatosha kujua bodi mbovu?

Fundi wa Bodi

Inasaidia kujua pa kuanzia. Hesabu inakwambia ni njia gani ya umeme iliyoonekana na kasoro, na orodha yake iko kwenye mwongozo wa modeli husika; usitumie orodha ya modeli nyingine hata kama ni kiwanda kile kile. Lakini bodi iliyogundua kosa na bodi yenye kosa zinaweza kuwa mbili tofauti. Ukishaisoma hesabu, rudi kwenye kuchomoa moja moja na kupima.

Mwenye Plasma

Wakuu, TV INAWAKA. Nimekaa kimya kwa sababu seti ilichelewa.

Bafa ya juu ilikuwa na kundi la pini linalosoma 0.00, na chini ya tochi nikaona chipu moja ina kitundu kama ulivyosema. Ya chini pini zote zilikuwa kati ya 0.5 na 0.6. Seti nimeipata kutoka kwenye TV iliyopasuka kioo, stika zinafanana herufi kwa herufi. Bila bafa ilikaa. Na bafa ikakaa. Picha imejaa juu na chini, ule weusi wake umerudi, watoto wamekusanyika hapa kama kuna sherehe.

Kitu kimoja kimebaki: kwenye picha za giza kuna vitone vyekundu na vya zambarau vinamulika mulika, zaidi upande wa juu. Kwenye picha zenye mwanga havionekani. Bodi niliyonunua nayo ni mbovu?

Fundi wa Bodi

Hongera sana, nimefurahi kweli.

Bodi si mbovu. Vitone hivyo ni vyumba vya kioo ambavyo havifutwi vizuri kabla ya kuandikwa upya, kwa sababu bodi ya Y uliyoweka ilirekebishwa kwa ajili ya kioo kingine. Kila paneli ilipimwa kiwandani ikaandikiwa volti zake, ndiyo kazi ya ile stika. Vile vipimo vitatu ulivyovipita mwanzoni ndivyo unavyovihitaji leo.

Iache TV iwake kwa dakika 20 au zaidi na picha nyeupe kamili ili ipate joto. Anza na Vs kwenye pawa saplai: weka mita kwenye pini ya Vs na uzungushe kirekebishi kidogo kidogo kwa bisibisi ya plastiki mpaka ifike 206. Halafu Va, volti za bodi za adresi, ifike 60. Baadaye nenda kwenye virekebishi vya bodi ya Y, vya volti za kuskani na kuseti, kwa mpangilio wa mwongozo wako na kwenye pointi za kupimia zilizotajwa humo. Angalia ishara ya hasi: baadhi ya volti hizo zinaandikwa na alama ya kutoa, na mita yako lazima ionyeshe hivyo hivyo. Kabla ya kugusa kirekebishi chochote weka alama ya kalamu pale kilipo. Usizungushe kwa kutazama vitone. Zungusha kwa kutazama mita, vitone vitajiondoa.

Mwenye Plasma

Vs ilikuwa bado kwenye 205.4, nimeifikisha 206. Va ilikuwa sawa. Iliyokuwa mbali ni ya kuskani kwenye bodi ya Y, zaidi ya volti 8 kutoka kwenye stika. Nimeirudisha na vitone vimekwisha, hata kwenye picha nyeusi tupu. Naweza kufunga mgongo sasa? Zimebaki skrubu 4 ambazo hazionekani kuwa na kazi, bodi zimeshika vizuri bila hizo.

Fundi wa Bodi

Usifunge mgongo kabla hujazirudisha. Kwenye plasma skrubu nyingi za bodi ndizo njia ya ardhi kwenda kwenye chasi, na hapo hupita mkondo mkubwa kila kioo kinapopigwa. Angalia ile picha ya simu, tafuta matundu yenye duara la risasi ya kulehemu linalong'aa kuzunguka tundu: hizo 4 ni za hapo. Zikaze mpaka zishike, TV ikiwa imechomolewa na chaji imekwisha.